Namna ya kuongoza mjadala: je, ni binadamu anayebadili tabianchi?

Mwalimu, mtangazaji wa redio au mwezeshaji wa mkutano wa kijiji akiuliza kama binadamu ndiye anayesababisha mabadiliko ya tabianchi, mara nyingi hujibiwa maswali manne kwa mpigo. Mmoja atazungumzia vuli iliyochelewa. Mwingine atasema mataifa tajiri yanataka kutuzuia tusichimbe mafuta yetu. Wa tatu atasema mvua na ukame viko mikononi mwa Mungu. Wa nne atauliza mbona dunia iliwahi kupata joto kabla ya magari. Wote wana la kusema, ila hawabishani juu ya jambo moja.

Kwa hiyo chora safu nne ubaoni kabla hujamruhusu mtu amjibu mwenzake. Je, joto linapanda? Nini kinalipandisha? Tukio hili la hapa kwetu linahusianaje na joto hilo? Nani abebe gharama? Kila hoja inayotolewa, muulize mwenyewe iandikwe safu ipi. Hatua hii huchukua dakika 10 hivi, na bila hiyo saa nzima itapotea.

Safu ya nne ndiyo inayowasha moto kwetu. Afrika inatoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia inayotokana na nishati, halafu inaambiwa ifikirie upya bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Hilo ni swali la haki, na ni zito. Lakini mtu anaweza kulitetea bomba hilo kwa nguvu zake zote bila kukana kwamba mafuta yakichomwa yanapasha dunia joto, na anayelipinga hathibitishi chochote kuhusu fizikia kwa kulipinga. Lipe muda wake, mwishoni. Kuhusu imani, usimbishie mtu dini yake. Anayeamini kwamba mvua ni neema hazuiliwi kupima kilichomo hewani, na ukimwalika kwa heshima aje aangalie vipimo, mara nyingi atakuja.

Sasa tuanze na safu ya pili, na hiyo ina hesabu.

Hesabu ya hewa ya ukaa

Unahitaji ubao, kikokotoo na tarakimu tatu.

Ya kwanza: kila mwaka binadamu huchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kutengeneza saruji, kiasi cha kutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa. Ukataji wa misitu unaongeza kama bilioni 4. Jumla 41.

Ya pili: ili hewa ya ukaa iongezeke kwa sehemu 1 katika kila sehemu milioni za angahewa, zinahitajika tani bilioni 7.8.

Ya tatu: ongezeko lililopimwa katika miaka ya karibuni ni wastani wa sehemu 2.5 hivi kwa mwaka.

Gawanya 41 kwa 7.8. Unapata kama 5.3. Maana yake tunatoa hewa ya ukaa ya kutosha kuongeza sehemu 5 na zaidi kila mwaka, ila angani zinabaki 2.5 tu. Zaidi ya nusu imemezwa na bahari, misitu na udongo. Basi anayesema ongezeko hili linatoka baharini au kwenye mimea amegeuza hesabu: upande wa maumbile unapokea kuliko unavyotoa. Volkano nazo, makadirio ya kawaida ya wanajiolojia hayafiki hata tani bilioni 1 kwa mwaka.

Mahali pa kukosea ni kwenye kizio. Vitabu vingine huhesabu kaboni peke yake, vingine hewa ya ukaa nzima. Tani 1 ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ya ukaa, na ukichanganya viwili hivyo jibu litatoka ovyo mbele ya watu. Hakiki kizio kabla hujaandika.

Mbishi makini atasema kwamba mlingano wa hesabu hautoshi, yataka alama ya mkosaji. Zipo tatu, na nguvu yake iko katika kuzitumia pamoja. Kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo makaa ya mawe na mafuta yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe yake. Mwanakemia Hans Suess alionyesha mwaka 1955, kwa kupima miti, kwamba kaboni 14 ya angani ilikuwa inazimuliwa na kaboni kongwe. (Tumia vipimo vya kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, majaribio hayo yaliongeza kaboni 14 angani, na mtu akikuletea grafu ya miaka ya 1960 itaonekana kukupinga.) Volkano pia haina kaboni 14, kwa hiyo alama hii peke yake haiiachii wala haiifungi. Hapo ndipo inapoingia kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, ambayo mimea huipokea kwa uchache. Mafuta na makaa yametokana na viumbe hai vya kale, na angani uwiano wa kaboni 13 unashuka, jambo ambalo gesi ya volkano isingelifanya. Ya tatu ni oksijeni. Kuchoma kunakula oksijeni. Volkano na bahari zikitoa hewa ya ukaa hazihitaji kuila. Mwanasayansi wa Marekani Ralph Keeling amekuwa akipima kupungua kwa oksijeni tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni upungufu mdogo usiomkosesha mtu pumzi, lakini unaendana na kiasi cha mafuta kinachochomwa.

Vipimo vyenyewe baba yake Ralph, Charles David Keeling, alivianza Mauna Loa, Hawaii, Machi 1958. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa sehemu 316 hivi kwa milioni; mwaka 2023 ulikuwa 421. Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda kiasi hicho hakikupita 300 au hapo karibu. Utaulizwa: mbona wanapima juu ya volkano? Swali zuri. Kituo kiko mita 3,397 juu ya bahari, na upepo ukitoka upande wa kreta vipimo vya saa hizo huwekwa kando. Mlima ulipolipuka Novemba 2022 na lava kukata barabara na umeme wa kituo, upimaji ulihamia Mauna Kea kwa miezi kadhaa. Tena kuna vituo vingine, kuanzia Ncha ya Kusini hadi kile cha Mlima Kenya kilicho kwenye mita 3,678, na mwelekeo ni ule ule.

Joto: fanya mwenyewe kwenye jedwali

Pakua wastani wa joto la dunia wa kila mwaka kutoka NASA, shirika la anga la Marekani, au HadCRUT, hifadhi ya vipimo vya joto ya Uingereza. Ni bure na faili ni dogo hata kwa simu. Weka miaka safu A na joto safu B, kisha tumia fomula ya SLOPE, inayokokotoa mwinuko wa mstari, kuanzia 1970 hadi mwaka wa mwisho. Zidisha jibu kwa 10. Utapata karibu digrii 0.2 kwa kila miaka 10.

Sasa rudia kwa miaka 1998 hadi 2012 tu, mbele ya watu wote. Mwinuko utapungua sana. Mwaka 1998 ulianza juu mno kwa sababu ya El Niño kubwa, ile ile iliyoleta mafuriko Kenya na Tanzania, na mwamba ngoma huvutia kwake: anayetaka kuonyesha kwamba joto limesimama ataanzia hapo. Anayetaka kutia watu hofu naye anaweza kuanzia mwaka wa baridi na kuishia 2024. Kanuni ni miaka 30 au zaidi, kwa pande zote mbili. Angalia pia kwamba tarakimu hizo si joto lenyewe bali tofauti na wastani wa kipindi fulani. NASA hutumia 1951 hadi 1980, HadCRUT 1961 hadi 1990. Ukiziweka kwenye grafu moja bila kuzisawazisha, zitaonekana kupingana.

Akitokea wa kusema takwimu zimechakachuliwa, usimcheke. Ni kweli vipimo vya zamani husahihishwa, hasa vya baharini vilivyochotwa kwa ndoo. Lakini masahihisho hayo yakijumlishwa kwa dunia nzima yanapunguza ongezeko la joto la tangu karne ya 19, hayaliongezi. Richard Muller, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa na shaka, alianzisha mradi wa Berkeley Earth mwaka 2010 ili akague upya, huku sehemu ya fedha ikitoka katika mfuko wa Charles Koch, tajiri wa biashara ya mafuta. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto limepanda kweli na karibu chanzo chote ni binadamu.

Hoja kwamba jua ndilo linalopasha dunia haihitaji muda mrefu. Setilaiti zinalipima jua tangu 1978: wati 1,361 hivi kwa mita ya mraba, likipanda na kushuka kwa kama wati 1 katika mzunguko wa miaka 11, bila mwelekeo wa kupanda. Tena jua lingepasha angahewa yote, ilhali stratosfia, tabaka la angahewa lililo juu ya lile tunaloishi, imepoa, kama wanasayansi Manabe na Wetherald walivyokokotoa mwaka 1967 kwamba ingepoa hewa ya ukaa ikiongezeka. Tumia vipimo vya sehemu yake ya juu, maana ya chini ilipoa pia kwa kupungua ozoni. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inakadiria mchango wa binadamu kuwa digrii 1.07 kufikia 2010 hadi 2019, na wa jua na volkano kati ya kushuka 0.1 na kupanda 0.1.

Usianze na Kilimanjaro

Huu ndio ushauri tunaousisitiza kuliko mwingine kwa mwezeshaji wa Afrika Mashariki. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mfano unaogusa moyo, na ndio unaowaangusha wengi. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12; kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Ila kileleni joto huwa chini ya sifuri karibu muda wote. Sehemu kubwa ya barafu hiyo hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19 hewa ilipokauka na theluji kuwa haba, kabla mchango wa binadamu haujawa mkubwa. Aidha, utafiti wa mwaka 2002 ulikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na bado ipo. Mbishi aliyejiandaa anayajua haya. Yaseme wewe kwanza, kisha uende kwenye barafu za milima ya dunia nzima kwa ujumla, ambako joto ndilo linalotawala.

Ukame nao ni hivyo hivyo: kila tukio lipimwe kivyake. Kundi la World Weather Attribution, la wanasayansi wanaopima mchango wa binadamu katika matukio ya hali ya hewa, lilikuta mwaka 2023 kwamba ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza 2020 ulifanywa na mabadiliko ya tabianchi yanayotokana na binadamu kuwa rahisi kutokea angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto linakausha udongo haraka. Kundi hilo hilo, likichunguza ukame wa kusini mwa Madagaska wa 2019 hadi 2021, halikuona mchango mkubwa wa binadamu. Taja yote mawili pamoja. Na mzee akisema kijito kimekauka kwa sababu ya kukata miti kwenye chanzo, huenda yuko sahihi kabisa kuhusu kijito hicho. Liandike safu ya tatu.

Mambo madogo ya kuendesha kikao

Usiweke msomi mmoja wa kukubali na mmoja wa kukataa, kana kwamba wataalamu wamegawanyika nusu kwa nusu. Usianze pia na ile asilimia 97 inayotajwa mara nyingi ya wanasayansi wanaokubali kwamba binadamu ndiye chanzo. Tarakimu hiyo ni ya uchambuzi wa mwaka 2013 wa muhtasari wa makala 11,944, ambamo theluthi moja hivi tu ndizo zilizotaja msimamo, na katika hizo asilimia 97 zilikubali. Ukisema "asilimia 97 ya wanasayansi wote" utasahihishwa, na kosa hilo litakumbukwa kuliko hesabu yako yote.

Mpe kila mmoja dakika 3 na hoja moja. Akimaliza, muulize ni kipimo gani kingemfanya abadili mawazo, uandike jibu lake kando ya hoja yake. Upande unaokubali nao uulizwe. Asiyekuwa na jibu mwachie nafasi tupu ubaoni, na faili la jedwali litumwe kwenye kundi la WhatsApp la wahudhuriaji siku hiyo hiyo, fomula zikiwa wazi, ili kila mtu abadilishe miaka mwenyewe.