Namna ya Kuandika Nchi Iliyoangamia katika Hadithi za Fantasia

Rasimu yangu ya kwanza ya kiyama ilijaa moto kurasa nne nzima. Rafiki yangu akaisoma, akaniuliza, "Sasa hawa watu wanakunywa nini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi naenda hivi.

Hatua ya 1: Chagua chanzo kimoja. Joka, laana, nyota iliyodondoka, lolote, ila liwe moja, kisha lifuate mpaka jikoni. Volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka Aprili 1815. Mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, na Ulaya mavuno yakaharibika. Wakulima wale hawakujua kosa ni la mlima wa mbali. Na mhusika wako vilevile: aone mahindi yamedumaa, asijue kuna joka lililokufa ng'ambo ya bahari.

Hatua ya 2: Punguza wekundu. Lava ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya Tanzania iliyo kusini mwa Ziwa Natron, hutoka nyeusi kama oili chafu, halafu ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mimi weupe ule hunitisha kuliko ndimi za moto.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya nyumba. Hapa usiwe na haraka. Katika Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha kuanguka kwa mji wa Pate, pwani ya Kenya, kwa kutupeleka kwenye madaka ya ukutani: palipopangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Jaribu nawe. Futa "mji ulikuwa magofu", andika:

*Kinu kilikuwa palepale uani. Mtama ulikuwa umeota ndani yake.*

Msomaji anajua mtwangaji aliondoka kabla hajamaliza, na kwamba mvua imenyesha tangu hapo. (Kama kwenye dunia yako mvua imekatika, mtama hauoti. Rudi hatua ya 1.)

Hatua ya 4: Wape wenyeji majina yao. Mtoto aliyezaliwa baada ya maangamizi haiti pale "Bonde la Mauti". Kwake ni njia ya kwendea kuni.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti, ukifuta. "Giza totoro", "ukimya wa kutisha", "moto mkali", toa vyote. Katika zile kurasa zangu nne kilisalia kisima tu, na kamba fupi isiyofika majini.