Kupanda Lushoto kwa Baiskeli: Kuandaa Safari ya Kundi ya Siku Moja Kutoka Mombo

Barabara inayoiacha njia kuu pale Mombo na kupanda Milima ya Usambara hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33. Katika umbali huo mwendesha baiskeli hutoka kwenye joto la mashamba ya mkonge na mpunga, mita mia nne na kitu juu ya usawa wa bahari, na kufika kwenye mji wa baridi ulio karibu mita 1,400. Njia yote ni ya lami, nyembamba, yenye kona nyingi, na sehemu kubwa yake imechongwa ubavuni mwa mlima, genge likiwa upande mmoja na korongo la mto upande wa pili. Kwa kundi linalotaka kupanda na kushuka kwa siku moja bila kulala njiani, sijaona njia inayoizidi hii.

Nimeipanda na watu sita, na nimeipanda na watu kumi na wawili, na kila mara nimerudi na imani ileile: siku ya namna hii hupangwa kwa kumtazama mtu wa mwisho, wala si wa kwanza. Aliye hodari atafika Lushoto kwa vyovyote vile. Chakula, saa ya kuondoka, vituo vya kupumzika na mpango wa kushuka vyote vipimwe kwa yule ambaye miguu yake ni mizito kuliko ya wengine wote.

Anza na hesabu ya muda. Mtu asiyezoea milima, akiwa na baiskeli ya gia, hupanda kwa mwendo wa kilomita saba au nane kwa saa kutoka Mombo hadi Soni, ambako ni zaidi kidogo ya nusu ya njia na ndiko mlima ulikojaa. Akiongezewa mapumziko mafupi, atahitaji saa tatu kufika Soni. Kutoka hapo hadi Lushoto mwinuko hupungua makali, na saa moja na nusu hadi mbili hutosha. Kwa hiyo kundi linaloondoka Mombo saa kumi na mbili na nusu asubuhi litaingia Soni saa tatu na nusu, litapumzika nusu saa, na litafika Lushoto saa tano na nusu au sita. Ukiondoka saa mbili, jua la Mombo litakukuta kwenye kona za mwanzo, ambazo ndizo ngumu zaidi, na nguvu ambayo ungeitumia kupanda itaishia kwenye jasho. Walio mbali na Mombo ni afadhali walale hapo usiku wa kuamkia safari.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, iachwe kabisa. Mvua hulainisha kingo za mlima, mawe na udongo huporomoka barabarani, na lami yenye matope membamba kwenye kona ni hatari isiyo na sababu ya kuikabili. Vuli, Oktoba hadi Desemba, huhitaji kuangalia hali ya hewa siku kwa siku. Juni hadi Septemba ni wakati mzuri, ila watu wa sehemu za joto hushangazwa na baridi ya Lushoto katika miezi ya Juni na Julai. Asubuhi ukungu hufunika milima, na aliyekuja na fulana moja tu hutetemeka wakati wa kushuka. Januari na Februari pia hufaa.

Kuhusu watu, kundi la wanane hadi kumi na wawili ndilo ninalolipendelea. Zaidi ya hapo ni bora kugawanya makundi mawili yenye viongozi tofauti, kwa sababu msururu mrefu wa baiskeli kwenye barabara nyembamba huwazuia madereva, na dereva aliyezuiwa muda mrefu hujaribu kupita mahali pasipofaa. Teueni watu wawili kabla ya siku yenyewe. Wa kwanza ni kiongozi wa mbele, ambaye kazi yake ni kuzuia mwendo usizidi. Asiwe yule mwenye mbio kuliko wote, kwa maana huyo hujisahau. Wa pili ni mfunga msafara, ambaye hukaa nyuma ya mtu wa mwisho tangu Mombo hadi kurudi Mombo, na hampiti mtu yeyote kwa sababu yoyote. Huyu ndiye abebe pampu, zana na sanduku la huduma ya kwanza. Katika safari yangu ya kwanza tulimpa kiongozi wa mbele pampu. Mwenzetu alipata pancha katikati ya kona, akakaa kando ya barabara karibu saa nzima huku sisi tukinywa chai Soni tukidhani anapumzika. Aibu ya siku ile sijaisahau, na tangu hapo pampu haijawahi kutangulia.

Kila mtu awe na namba za simu za viongozi wote wawili, tena ziandikwe pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huisha chaji. Kubalianeni vituo vya kukusanyika, na kanuni yake iwe moja: hakuna anayeondoka kituoni kabla mfunga msafara hajafika na kupumzika. Makundi mengi huikosea sehemu ya pili ya kanuni hii. Wenye kasi hufika, hupumzika dakika ishirini, kisha wa mwisho anapotokea tu wao husimama na kusema “twende”, na hivyo aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepata pumziko hata kidogo. Mpeni dakika zake kumi baada ya kufika.

Baiskeli ikaguliwe na fundi wiki moja kabla, isiwe usiku wa mwisho. Baiskeli ya gia moja hupanda Lushoto, na wapo vijana wanaoipandisha, lakini mgeni wa milima ataisukuma kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na hilo litavunja ratiba ya wote. Inayofaa ni yenye gia nyepesi, yaani sahani ndogo mbele na gia yenye meno mengi nyuma. Mnyororo usafishwe na kupakwa mafuta, spoku zilizolegea zikazwe, na waya za breki zilizoanza kuchanika zibadilishwe bila kubembelezana. Raba za breki ndizo za kutazama mara mbili; zikiwa zimelika nusu, nunua mpya, kwa kuwa kilomita 33 za kushuka zitazimaliza zilizobaki. Tairi zijazwe upepo kwa kufuata kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Tairi laini kwenye lami ni kujiongezea mzigo. Urefu wa kiti nao upimwe: ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama upande mmoja. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti kabla hujafika Soni.

Katika vifaa vya kundi wekeni tyubu za akiba za kila ukubwa wa tairi zilizopo, viraka na gundi yake, spana, bisibisi, kipande cha mnyororo na waya mmoja wa breki. Kila mtu avae kofia ngumu, na asiye nayo asiondoke Mombo.

Sasa chakula, jambo ambalo watu hulichukulia wepesi. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 15, kwa kupanda mita elfu moja peke yake, hutumia nguvu inayokaribia kilokalori 900. Nguvu hiyo haiwezi kutoka kwenye kikombe cha chai ya rangi kilichonywewa saa kumi na moja alfajiri. Kuleni saa moja kabla ya kuondoka: uji mzito, chapati, viazi vitamu au maandazi, pamoja na chai ya maziwa yenye sukari. Njiani, kila baada ya dakika arobaini hivi, kula kitu kidogo hata kama njaa haijaja. Ndizi mbivu moja, kipande cha kiazi, au karanga zilizochanganywa na tende. Anayesubiri njaa hukutwa nayo ghafla, miguu ikaisha nguvu na kichwa kikawa chepesi, na hapo hata akila huhitaji nusu saa kabla ya kurudi sawa.

Maji ni kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kulingana na jua na jasho lako. Kila mtu aondoke na lita mbili na ajaze tena Soni. Maji matupu kwa siku nzima ya jasho hayatoshi. Changanya chupa moja kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Ni mchanganyiko uleule ambao mama zetu hutupa tukiharisha, nao hufanya kazi mlimani kama unavyofanya kazi kitandani.

Kupanda kwenyewe kuna siri moja tu, nayo ni kuanza polepole kuliko unavyotamani. Katika kilomita tano za mwanzo uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema katikati, ukishindwa, punguza. Badilisha gia kabla mlima haujakukamata, kwa sababu mnyororo ulio chini ya uzito mkubwa hukataa kuhama na wakati mwingine hukatika. Zungusha pedeli kwa wepesi, kama mara sitini au sabini kwa dakika, badala ya kukanyaga kwa nguvu kwenye gia nzito. Kaa kitini muda mwingi na usimame mara chache tu ili kunyoosha mgongo. Pandeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, mkiacha nafasi katikati ili gari lililowapita watatu liweze kujirudisha ndani. Magari yanayopanda na kushuka hapa ni mabasi madogo, pikipiki, na malori ya kabichi, karoti na matunda yanayoelekea Dar es Salaam. Dereva mwenyeji hupiga honi kabla ya kona, na honi hiyo ni ya kukujulisha, usiichukulie kama tusi.

Mtakapoingia Soni mtasikia maporomoko ya maji kabla ya kuyaona. Hapo ndipo barabara ya Bumbuli inapochepuka, na hapo ndipo pa kukaa, kula na kujaza maji. Ikiwa mtu wa mwisho amefika Soni baada ya saa tano, nashauri kundi lote lile chakula cha mchana hapohapo na kugeuza. Uamuzi huu utangazwe Mombo kabla ya kuondoka, ili usije ukaonekana kama adhabu kwa mtu mmoja. Mkipita vijijini na karibu na shule punguzeni mwendo, na wazee walioketi barazani wapeni shikamoo yao. Mgeni anayepita kimya kati ya nyumba za watu huonekana hana adabu, na ikitokea pancha au kuanguka, ni watu hao watakaowasaidia.

Lushoto pumzikeni kwa kweli, saa mbili nzima. Wenye nguvu zilizobaki wanaweza kwenda hadi ukingo wa Irente, kilomita zipatazo tano kwa njia ya udongo, ambako mlima unakatika ghafla na nchi tambarare inaonekana chini hadi macho yachoke. Waliochoka wabaki mjini bila kubembelezwa, kwa sababu kazi iliyo mbele ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Kazi hiyo ni kushuka. Ondokeni saa nane mchana, wala msichelewe zaidi ya saa tisa, maana jua likitua kwenye kumi na mbili na nusu, ndani ya korongo giza huwa limetangulia. Vaeni koti jepesi kabla ya kuanza. Kila mtu ajaribu breki zote mbili akiwa amesimama, kisha waondoke mmoja mmoja, wakiachana mita thelathini au zaidi. Baiskeli iendayo kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita nane katika sekunde moja, na mtu huchukua karibu sekunde nzima kabla hata hajabana breki. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake. Ukiwa ndani ya kona, pedeli ya upande wa nje iwe chini, macho yatazame kule unakotaka kutokea, na baiskeli ibaki kushoto hata kama barabara inaonekana tupu. Tumia breki zote mbili, ukibana na kuachia, kwa sababu breki inayobanwa mfululizo hupasha rimu moto, na moto huo unaweza kupasua tyubu. Simameni angalau mara tatu ili rimu zipoe na vidole vipumzike. Hakuna kumpita mwenzako, hata mmoja, na anayevunja kanuni hii apakiwe kwenye gari pamoja na baiskeli yake. Najua ni maneno makali, lakini kwenye barabara yenye genge pembeni sioni namna ya kuyalainisha.

Mkifika Mombo, kiongozi asubiri hadi mfunga msafara aingie, ahesabu watu wote kwa majina, kisha ndipo kila mmoja aende zake. Kesho yake tazama tena raba za breki na ukaze nati zote, kwa kuwa mtikisiko wa mteremko mrefu hulegeza hata zile zilizokazwa na fundi wiki iliyopita.