Jinsi ya Kuandaa Mhadhara wa Umma Makumbushoni

Chagua kitu kwanza, mada ije baadaye. "Historia ya uchoraji" ni bahari. Picha moja iliyotundikwa ghorofani, nani aliiagiza, kwa nini kona yake imepakwa rangi upya, hujaza saa nzima, tena msikilizaji anaweza kutoka ukumbini akaenda kuitazama kwa macho yake.

Tenga dakika 45 za kuzungumza na 15 za maswali. Mzungumzaji afanye mazoezi kwa sauti, saa ikiwa mezani; kusoma kimoyomoyo huenda mbio na humfanya aandike kupita kiasi. Slaidi 30 zinatosha. Mchoro uonyeshwe mzima kwanza, kingo zote zikionekana, ndipo ifuate sehemu iliyokuzwa. Zijaribu kwenye projekta ya ukumbi huohuo, maana vivuli vya picha za mafuta vinavyoonekana vizuri kwenye kompyuta hugeuka weusi mtupu taa za mbele zisipozimwa.

Kiti cha mwisho kisiwe mbali kuliko mara sita ya kimo cha picha: skrini ya mita 1.5 inataka ukumbi usiozidi mita 9. Ukingo wa chini wa skrini uwe kama mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo vichwa vya safu ya mbele vitaula mchoro. Spika zikae mbele ya mzungumzaji. Akizipita na maikrofoni, zitapiga mluzi. Kila swali lirudiwe kwenye maikrofoni kabla ya kujibiwa.

Kishawishi kikubwa ni kuleta kitu halisi ukumbini. Mara nyingi jibu liwe hapana. Michoro ya rangi za maji, miswada na chapa za karatasi kwa kawaida huwekewa kikomo cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), picha za mafuta luksi 200, na taa ya jukwaani hupita hapo bila shida. Madhara ya mwanga hujilimbikiza: rangi iliyofifia hairudi hata kitu kikikaa gizani miaka mingi. Mhifadhi akikubali kitabu kitolewe, kilazwe juu ya mito ya povu inayobeba majalada yote mawili, na kisifunguliwe zaidi ya pale uti wake unapokubali. Kurasa zishikwe kwa mikono iliyonawiwa na kukaushwa. Glovu nyeupe za pamba hupendeza kwenye picha za magazeti, lakini vidole hupoteza hisia na karatasi huchanika. Glovu ziachiwe picha za kamera na vitu vya metali, na hapo za mpira laini ndizo bora. Meza hiyo iwe na penseli tu, na glasi ya maji ya mzungumzaji ikae kwingine kabisa.

Mihadhara kuhusu bustani ina mtego wake: mzungumzaji hufika amekumbatia maua. Mbawakawa wa mazulia wakishakomaa hula chavua, hivyo huingia wamejificha humo. Wakitaga mayai, mabuu yao hushambulia sufu, manyoya na ngozi za maonyesho. Mimea ibaki nje, watu waifuate. Huko nje kundi lisilozidi 20 husikia bila maikrofoni, na wasikilizaji wasimame jua likiwa migongoni mwao.

Ukitaka kurekodi, omba kibali cha picha mapema. Ruhusa ya kuonyesha picha ukumbini si ruhusa ya kuiweka kwenye intaneti.

Kiingilio kikiwa bure, baadhi ya waliojiandikisha hawatatokea. Watumie ujumbe siku moja kabla, wenye njia rahisi ya kujiondoa, ili nafasi iende kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Hata hivyo usigawe nafasi nyingi kuliko idadi iliyoruhusiwa na kanuni za moto.

Mwisho, kubaliana na walinzi kwa maandishi kwamba chumba chenye kitu kilichozungumziwa kitabaki wazi nusu saa baada ya mhadhara. Hili husahaulika kuliko yote, na watu hukuta mlango umefungwa.