Kutafuta jozi za kani: mkokoteni, feri na mtumbwi

Mtazame hamali wa soko la Marikiti, Mombasa, anavyoinama mbele anapouvuta mkokoteni. Mkao huo unaelezwa na sheria ya tatu ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687: kitu kikikisukuma au kukivuta kingine, hicho cha pili nacho hukirudishia kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) iliyo sawa, inayoelekea upande wa pili. Kani hizo mbili ndizo jozi. Nafunza fizikia, na naona wanafunzi wakiikariri sheria hii upesi kisha wakikwama nayo kwenye mtihani. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuitumia. Mimi hufuata huu.

Hatua ya 1: Taja vitu viwili

Kani haiwi ya kitu kimoja peke yake. "Tuktuk ina nguvu" bado haijasema kitu. Sema: tairi inaisukuma barabara kuelekea nyuma.

Hatua ya 2: Geuza sentensi

Badilisha nafasi za majina na mwelekeo, kitenzi ukiache kilivyo. Barabara inaisukuma tairi kuelekea mbele, na kani hiyo ndiyo inayokufikisha Nyali. Vivyo hivyo, rafadha (panga inayozunguka majini) ya feri ya Likoni inayasukuma maji nyuma, maji yanaisukuma rafadha mbele pamoja na feri nzima. Upondo wa mvuvi, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, unausukuma mchanga nyuma, mchanga unausukuma upondo mbele.

Kitenzi kikibadilika, umetoka nje ya jozi. Chukua gunia la viazi lililo juu ya mkokoteni. Dunia inalivuta gunia chini. Jozi yake ni ipi? Wengi hujibu kwamba ni mbao za mkokoteni kulisukuma gunia juu. Sivyo. Geuza sentensi: gunia linaivuta Dunia juu. Gunia na mbao wana jozi yao nyingine, ya kusukumana. Dunia haionekani kusogea kwa sababu ina takriban kilo 6 zikifuatwa na sifuri 24.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja, uhesabu kani zinazokipata hicho tu

Ukiharakisha zote, hii usiiharakishe. Karibu kila darasa kuna anayeuliza: "Mwalimu, ikiwa mkokoteni nao unamvuta hamali nyuma kwa kani ileile, wanaendaje?" Ni swali zuri sana. Jibu ni kwamba kani za jozi moja haziangukii kitu kimoja. Moja iko kwa mkokoteni, nyingine iko kwa hamali, kwa hiyo haziwezi kufutana.

Tuweke namba. Hamali ana kilo 70. Mkokoteni na mzigo wake ni kilo 150. Miguu yake inaisukuma barabara nyuma kwa niutoni 300 (niutoni ni kipimo cha kani), na barabara inamsukuma yeye mbele kwa niutoni 300. Msuguano unaurudisha mkokoteni nyuma kwa niutoni 80.

Kwanza wachukue wote pamoja, kilo 220. Kani inayobaki ni 300 − 80, yaani niutoni 220. Gawanya kani hiyo kwa kilo zao, 220 kwa 220: kasi yao inaongezeka kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde.

Sasa mkokoteni peke yake. Ili kilo 150 ziongeze kasi kiasi hicho zinahitaji niutoni 150, na juu yake 80 za kuushinda msuguano. Kwa hiyo hamali anauvuta kwa niutoni 230.

Mwisho, hamali peke yake. Barabara inampa 300 mbele, mkokoteni unamvuta 230 nyuma, zinabaki 70. Ana kilo 70, basi naye anaongeza kasi ileile. Wanakwenda pamoja, na jozi yao ya niutoni 230 iko sawa kabisa.

Kwa hivyo kinachowaanzisha safari ni barabara. Akiinama, uzito wake unamsaidia asivutwe akaanguka nyuma huku miguu ikikaza kuisukuma ardhi. Mvua ikinyesha na njia ikateleza, miguu haiwezi kuisukuma barabara sana, na barabara nayo hairudishi zaidi ya inachopewa. Gari lililozama kwenye mchanga wa ufukweni lina shida hiyohiyo.

Hatua ya 4: Jaribu majini

Tafuta mtumbwi mahali pa maji ya kina kifupi, mwenzako akiwa karibu. Simama ndani, kisha ruka kuelekea ufukweni. Mtumbwi utarudi nyuma. Kama una kilo 60 na mtumbwi kilo 120, ukiondoka kwa mita 2 kwa sekunde wenyewe utarudi kwa mita 1 kwa sekunde, tusipohesabu ukinzani wa maji. Kani ni sawa kwenu nyote wawili. Mwenye kilo chache ndiye anayepata kasi zaidi.

Rudia mtumbwi ukiwa umefungwa kwa kamba iliyokazwa. Kamba inauzuia kurudi, nawe unapata pa kukanyagia. Kwa sababu hiyo chombo hufungwa gatini kwanza, ndipo abiria washuke.