Namna ya kumhudumia mnyama aliyekula lantana

Lantana, kichaka chenye sumu kwa mifugo, ililetwa kutoka nchi za joto za bara la Amerika kama ua la bustani, na sasa imetapakaa katika malisho mengi ya Afrika Mashariki. Itambue kwa majani yanayokwaruza, yenye harufu kali yakifikichwa, na kwa maua madogo ya rangi mbalimbali katika shada moja. Mifugo iliyozoea eneo huiepuka. Wanaodhurika zaidi ni wanyama wageni wenye njaa, hasa wakati wa kiangazi.

Hatua ya kwanza ni kutambua dalili mapema. Mnyama hukataa malisho, huacha kucheua na hufunga choo. Baadaye macho na fizi huwa za manjano, na ngozi ya pua, ya kiwele na ya mabaka meupe hubabuka.

Hatua ya pili, mpeleke kivulini mara moja. Sumu hii huharibu ini na kuzuia nyongo isitoke, hivyo mabaki ya ukijani wa majani, ambayo kwa kawaida hutoka na nyongo, hubaki katika damu na kuiunguza ngozi inapopigwa na jua.

Hatua ya tatu, ambayo wafugaji wengi huichelewesha, ni kumwita daktari wa mifugo. Kumhamisha mnyama pekee hakutoshi, kwa sababu tumbo lake limesimama na majani yaliyomo yanaendelea kuachia sumu siku baada ya siku. Daktari humpa, kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, mkaa maalumu wa dawa uliochanganywa na maji yenye chumvichumvi: mkaa takriban kilo 2.5 kwa ng'ombe mzima, na gramu 500 kwa mbuzi au kondoo.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, naweza kusaga mkaa wa jikoni?
Jibu: Usiutegemee. Uwezo wake wa kunasa sumu ni mdogo sana, na kumnywesha kwa nguvu mnyama aliyedhoofika kunaweza kupeleka maji mapafuni.

Swali: Nimefyeka vichaka, lakini vimerudi. Nifanye nini?
Jibu: Kisiki huchipua tena. Ng'oeni pamoja na mizizi ardhi ikiwa na unyevu, kabla matunda hayajaiva, maana ndege huyala na kusambaza mbegu. Kisha pandeni nyasi mahali hapo, na mrudi kung'oa miche kila msimu wa mvua.