Kabla hujasema pikapu ipi ni tamu, shika bisibisi

Wiki nzima niliamini kwamba pikapu mpya ya gitaa la umeme (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) niliyoifunga upande wa daraja, pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa, ilikuwa na sauti nene kuliko ile niliyoitoa. Siku niliyoishusha kama milimita moja, unene wote ukatoweka. Kumbe nilichokuwa nakipenda ni ukubwa wa sauti tu. Ndivyo sikio lilivyo: ukilisikilizisha sauti mbili zinazokaribiana, ile iliyopanda kidogo huiona tamu.

Kwa hiyo anza na kimo cha pikapu, ambacho hupandishwa na kushushwa kwa bisibisi. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti (kichuma cha shingoni) ya mwisho, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Mimi huanzia milimita 2, na upande wa uzi wa kwanza napunguza kidogo. Pikapu ya koili moja (waya mmoja uliozungushwa kwenye sumaku) usiisogeze karibu mno, maana sumaku zake huvuta nyuzi nene hadi noti ikayumba kama gitaa lisiloshika tyuni.

Linganisha daraja kwa daraja, shingo kwa shingo. Karibu na daraja uzi hutikisika kidogo, hivyo pikapu yoyote ukiiweka hapo italia kwa ukali zaidi. Kebo iwe ileile, kwa sababu kebo ndefu hula trebo, yaani sauti za juu. Nyuzi ziwe za umri mmoja. Tazama pia kinobu cha volyumu: kwa kawaida koili moja hupewa cha kilo-omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, 500. Hambaka ukiifunga kwenye 250 itasikika imefifia juu, na hilo si kosa lake.

Sasa rekodi. Mimi hupiga vitu vitatu. Kwanza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya E wazi, naiacha ilie mpaka ife yenyewe. Kisha noti moja ya uzi wa tatu, freti ya 12. Mwisho mdundo wa nyuzi nene nikiwa nimezizima kwa kiganja. Ile kodi ndiyo hunifunulia mengi. Ongeza geini (kiasi cha kukuza sauti) hadi amplifaya ianze kukwaruza, halafu jiulize: bado nausikia uzi wa pili peke yake, au zote zimekuwa uji? Sikiliza pia mwanzo wa noti, pale pleki, kile kidude cha kupigia, inapoachia uzi. Koili moja mara nyingi hutoa mlio mkavu, kama kijiti kinachokatika, hambaka huulainisha.

Mngurumo nao ni sehemu ya hesabu. Koili moja hunasa umeme wa nyumba, hertz 50 au 60. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya gitaa ya Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 kwa koili mbili zilizopangwa kinyume ili mngurumo ujifute, ndiyo hambaka. Acha nyuzi kimya, ujigeuze na gitaa mkononi. Kwa koili moja utausikia ukipanda na kushuka.

Namba za omu zinazotajwa kwa pikapu zisikutawale. Waya mwembamba huwa na omu nyingi hata mizunguko ikiwa ileile.

Rekodi zikishakamilika, zisawazishe kwa wastani wa sauti, si kwa vilele. Mwombe mtu akuchezeshee bila kukutajia ipi ni ipi, nawe uandike maneno yako kabla hajakuambia. Mimi hurudia asubuhi inayofuata, sikio likiwa limepumzika, na pikapu ambayo sifa zake hubadilika kati ya usiku na asubuhi naipima upya kuanzia kwenye bisibisi.