Kutia antioksidanti kwenye chakula cha kuku wa nyama

Antioksidanti ni vitu, kama vitamini E, vinavyozuia mafuta kuchacha na kuulinda mwili wa kuku. Anza na mafuta, si dawa. Mafuta yaliyochacha ndani ya chakula huila vitamini E kabla haijamfaa kuku, na kopo la nyongeza halitaziba pengo hilo. Yanuse kabla ya kuyatia. Yakinuka kama rangi ya mlango au yakikwaruza koo ukiyaonja, yatupe. Hali ni hiyo hiyo kwa pumba za mpunga zilizokaa muda mrefu na unga wa samaki uliohifadhiwa kwenye joto.

Jambo linalowapotosha wengi ni hili: vitamini E ya unga inayouzwa (tokoferoli asetati) hailindi chakula kikiwa guniani. Huanza kazi ndani ya mwili, baada ya sehemu yake ya asetati kuondolewa kwenye utumbo. Anayetaka kulinda chakula chenyewe huhitaji BHT (antioksidanti ya kiwandani), gramu 125 kwa tani.

Kipimo cha vitamini E kwa kuku waliotulia ni kama miligramu 50 hadi 80 kwa kila kilo ya chakula. Joto kali likija, panda hadi 150 au 200. Soma kwanza lebo ya premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini unaonunuliwa tayari) uone tayari imeleta kiasi gani. Tuseme imeleta 50 nawe unataka 150: zimebaki 100. Unga wa vitamini E wa asilimia 50 una nusu tu ya kitu chenyewe, kwa hiyo kilo 100 za chakula zinahitaji gramu 20 za unga huo. Tumia mizani ya gramu, kijiko hudanganya.

Gramu 20 hazitawanyiki zenyewe ndani ya kilo 100. Zichanganye na kilo 1 ya mahindi yaliyosagwa, kisha na kilo 10, ndipo umwage kwenye chakula chote. Mafuta yaingie mwisho, vitu vikavu vikishachanganyika, la sivyo unga hushikana vidonge na kuku mmoja akala cha wenzake kumi.

Madini ya selenia hufanya kazi bega kwa bega na vitamini E, lakini usiiongeze kwa kukisia. Miligramu 0.3 kwa kilo zinatosha, na premiksi nyingi huwa tayari zinazo. Ikifika miligramu 5 kwa kilo ni sumu, na umbali huo si mkubwa kwa mtu anayepima kwa mkono.

Vitamini C hufa upesi ndani ya chakula, hasa cha vidonge kilichopitia mvuke. Itie kwenye maji: gramu 1 kwa lita 5, kwenye chombo cha plastiki, asubuhi kabla jua halijachoma, na ubadilishe baada ya saa chache. Klorini, chuma na shaba huiharibu, basi siku hiyo usitie dawa ya klorini.

Anza siku kadhaa kabla ya joto, kwa kuwa vitamini E huchukua muda kujaa kwenye misuli na ini.

Ukiona majimaji ya kibluu-kijani chini ya ngozi ya kifua, shuku upungufu wa vitamini E na selenia. Vifaranga wa wiki 2 hadi 4 wanaoanguka huku wamekunja kichwa nyuma huenda wamekosa vitamini E, lakini ugonjwa wa mdondo (Newcastle) nao hupinda shingo. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kuwapa chochote.